Saa Nane za Usingizi au Saa Nane za Usiku?

Makopo yalikuwa 7. Niliyatoa kwenye droo ya meza yangu ya kazi usiku mmoja nilipokuwa naugua mafua kwa mara ya 5 katika mwaka mmoja, nikayapanga mbele yangu, kisha nikachukua karatasi na kalamu na kuanza kusoma maandishi madogo yaliyo ubavuni mwa kila kopo. Sikuwahi kuyasoma kabla ya usiku huo. Nilikuwa nimeyanunua moja baada ya jingine, kila nilipougua, na kila kopo jipya lilipoingia kwenye droo hakuna la zamani lililotoka.

Vidonge vya vitamini mchanganyiko vilikuwa na miligramu 15 za zinki. Kopo la pili, lililotangaza kwa herufi nene kwamba linapandisha kinga, lilikuwa na miligramu 10. Vidonge vya kumumunya, ambavyo nilivitumia kila koo lilipokereketa, vilinipa miligramu 25 kwa siku. Jumla ikawa 50. Mwanamume mzima anahitaji miligramu 11 kwa siku na mwanamke 8, na kiwango cha juu kinachoshauriwa ni 40, chakula kikiwa kimehesabiwa humo. Kichefuchefu kilichokuwa kikinisumbua kila asubuhi, ambacho mimi nilikuwa nimekiandika kwenye orodha ya dalili za kinga iliyodhoofika, kikapata maelezo yake papo hapo: nilikuwa nikimeza zinki nyingi tumbo likiwa tupu. Mtu akiendelea hivyo kwa miezi, zinki huzuia mwili kufyonza madini ya shaba, na upungufu wa shaba hupunguza chembechembe nyeupe za damu. Nilikuwa nikijidhoofisha kwa dawa ya kujiimarisha.

Kesho yake niliyatia makopo yote kwenye mfuko nikayapeleka kwa mfamasia, mama mtu mzima ambaye hana haraka na mteja. Aliyatazama moja moja, akayasogeza pembeni.

“Mwanangu, vidonge nimeviona. Unalala saa ngapi?”

“Saa nane, mama.”

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, kisha akanitazama tena usoni na kusita. “Saa nane za usingizi au saa nane za usiku?”

Zilikuwa saa nane za usiku. Kazi yangu ni kuhariri maandiko ya watu wengine, nami nilikuwa nimezoea kuifanya nyumba ikishatulia, nikalala saa nane na kuamka saa moja asubuhi, siku 6 kwa wiki, kwa miaka isiyopungua 4. Hakuna kopo hata moja kati ya yale 7 lililokuwa na maandishi yanayohusu jambo hilo.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi kuhusu kinga ya mwili kuliko ilivyohitajika kwa mtu asiye mganga, na jambo lililonisaidia kuelewa zaidi ya mengine limo katika neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunakinga jua kwa kiganja, yaani tunalizuia lisitufikie, na tunakinga maji ya mvua kwa ndoo, yaani tunaweka chombo yaingie. Kinga ya mwili ina sura zote mbili. Ni kizuizi, ndiyo, lakini pia ni chombo kinachongoja kujazwa: kinahitaji protini, vitamini, madini, usingizi na mwendo, na kikipungukiwa na kimojawapo kazi yake huharibika. Ndoo ikishajaa, hata ukikinga chini ya bomba usiku kucha hupati ndoo mbili. Maji humwagika tu. Karibu kila kosa nililolifanya kwa vidonge lilitokana na kuongeza maji kwenye ndoo iliyojaa, huku ndoo nyingine ikiwa tupu kando yake.

Ndiyo maana siupendi usemi wa kupandisha kinga. Kinga iliyopanda kupita kiasi ni ugonjwa. Mtu mwenye mzio ni mtu ambaye kinga yake imeichukulia chavua ya maua kuwa adui na kuanzisha vita visivyo na sababu. Katika kisukari cha aina ya 1, kinga huziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Iko aina ya baridi yabisi ambayo kinga huvishambulia viungo vya mwili wake yenyewe. Hata makamasi na homa ya mafua ya kawaida si kazi ya virusi peke yake, kwa kuwa sehemu kubwa ya maumivu tunayoyasikia ni kelele za kinga ikiwa kazini. Tunachokitaka ni kinga inayoamka kwa wakati, inayomtambua adui kwa usahihi, na inayojua kunyamaza kazi ikiisha, na hakuna kidonge kimoja kinachofundisha mambo hayo matatu.

Mwaka 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sicilia, mwanabiolojia Élie Metchnikoff alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo miili yake huangaza kama kioo, akavichoma kwa miiba myembamba. Alipovitazama baadaye kwa hadubini alikuta chembechembe zimekusanyika kuuzingira mwiba na kujaribu kuumeza. Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908, aliyoipata pamoja na Paul Ehrlich. Ninaupenda mfano wa mwiba ule kwa sababu unaonyesha kitu ambacho matangazo hukificha: kinga ni umati wa chembechembe zinazotembea, zinazokula, zinazokufa na kuzaliwa upya. Uboho wa mifupa ya mtu mzima mwenye afya hutengeneza takribani bilioni 100 za chembechembe za aina moja tu, zinazoitwa neutrofili, kila siku, na nyingi kati ya hizo haziishi zaidi ya siku chache. Kiwanda cha namna hiyo hakiendeshwi kwa mkupuo wa vidonge wakati wa mafua. Kinahitaji malighafi leo, kesho na mwezi ujao, mtu akiwa mzima.

Malighafi ya kwanza ni protini, na inashangaza jinsi isivyotajwa watu wanapozungumzia kinga, labda kwa sababu haiuziki kwenye vikopo vidogo. Kingamwili, zile molekuli zinazomng’ang’ania mdudu na kumtia alama ili aangamizwe, zenyewe ni protini. Mtoto mwenye utapiamlo mkali husinyaa tezi ya thaimasi, mahali ambapo seli T, aina mojawapo ya chembechembe za kinga, hukomaa, ndiyo maana surua au kuhara, ambavyo mwenzake aliyeshiba huvishinda, humtoa roho. Mtu mzima anahitaji takribani gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 50. Yai moja hutoa gramu 6 hivi, na kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15. Nilipopiga hesabu ya siku zangu za kazi, siku ambazo chakula changu kilikuwa chai, mkate, na chochote kilichopatikana jioni, niligundua kwamba mara nyingi sikufika hata gramu 40. Makopo 7, na protini haitoshi!

Kuhusu vitamini C, historia yake inafundisha mambo mawili yanayopingana, na watu hulikumbuka la kwanza tu. Mwaka 1747 James Lind, daktari katika meli ya kivita ya Uingereza iliyoitwa Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa tiba yake. Wawili waliopewa machungwa na limau walipata nafuu ndani ya siku chache kiasi kwamba mmoja wao alirudi kazini, ingawa matunda yenyewe yaliisha baada ya siku 6. Hapo chombo kilikuwa kitupu kabisa, na tone dogo lilileta muujiza. Kisha, kuanzia mwaka 1970, Linus Pauling, mwanakemia aliyekwisha kupata tuzo mbili za Nobel, aliwaaminisha watu kwamba vitamini C kwa wingi huzuia mafua. Majaribio mengi yamefanyika tangu hapo, na yakijumlishwa yanaonyesha kwamba kwa watu wa kawaida kumeza vitamini C kila siku hakupunguzi idadi ya mafua, ila hufupisha kila mafua kwa takribani asilimia 8 kwa watu wazima na asilimia 14 kwa watoto. Waliofaidika zaidi ni watu wenye kuitesa miili yao kwa muda mfupi, kama wakimbiaji wa marathoni na askari walio mazoezini kwenye baridi kali. Kungoja hadi pua ianze kuchuruzika ndipo umeze, kama nilivyokuwa nikifanya mimi, hakujaonyesha faida ya kutegemewa.

Mwanamume anahitaji miligramu 90 za vitamini C kwa siku na mwanamke 75, na mvutaji sigara anaongezewa 35. Chungwa moja la wastani hutoa miligramu 70 hivi. Pilipili hoho nyekundu na mapera hutoa zaidi ya hapo. Mtu akimeza zaidi ya miligramu 1,000 kwa siku, utumbo hufyonza chini ya nusu yake, na figo hutoa kilichozidi kwa njia ya mkojo. Nilikuwa nikiinunua, nikiimeza, na kuimwaga chooni. Zaidi ya miligramu 2,000, tumbo huweza kuharisha, na kwa baadhi ya watu hatari ya mawe ya figo huongezeka. Jambo la jikoni ambalo ningependa kulifahamu mapema ni kwamba vitamini hii huharibiwa na moto na huyeyuka katika maji, kwa hiyo mboga iliyochemshwa muda mrefu na maji yake kumwagwa huwa imeacha sehemu kubwa ya thamani yake kwenye sinki. Siku hizi mboga za majani nazipitisha motoni kwa dakika chache na mafuta kidogo, na mafuta hayo yana kazi yake, kwa maana kiini cha vitamini A kilicho kwenye majani ya kijani na karoti hufyonzwa vizuri kikiandamana na mafuta.

Vitamini A yenyewe ilinitia adabu. Nilidhani ni ya macho tu. Mwaka 1986 Alfred Sommer na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika kaskazini mwa Sumatra, Indonesia, ambako watoto waliopewa dozi kubwa ya vitamini A walikufa kwa uchache wa takribani theluthi moja kuliko wenzao ambao hawakupewa. Sababu ni kwamba vitamini A huhifadhi ngozi laini ya ndani, ile inayotanda kwenye pua, mapafu na utumbo, ambayo ndiyo ukuta wa kwanza wa kinga. Ikikauka na kuchubuka, vijidudu hupita. Mpaka leo Shirika la Afya Duniani hushauri watoto wa miezi 6 hadi 59 wapewe dozi hizo mahali ambapo upungufu ni tatizo la jamii. Hata hivyo dozi ya mtoto mwenye upungufu haimfai mtu mzima anayekula vizuri, kwani vitamini A hulimbikizwa kwenye ini, na ikizidi hulidhuru ini hilo, na kwa mama mjamzito humdhuru mtoto aliye tumboni.

Zinki, ile iliyonitia kichefuchefu, ina kisa cha namna hiyo hiyo. Katika miaka ya 1960 Ananda Prasad alieleza kuhusu vijana wa Iran na Misri waliodumaa kwa kukosa zinki, ingawa walikuwa wakila. Chakula chao kikuu kilikuwa mkate usioumuliwa, na ganda la nafaka lina kitu kiitwacho fitati, ambacho huinata zinki na kuizuia isifyonzwe. Kuloweka nafaka na kunde, kuziotesha, au kuumua unga hupunguza fitati hizo. Kwa hiyo kuloweka maharage usiku kucha, jambo tulilolichukulia kuwa njia ya kuokoa kuni au gesi, ni njia pia ya kuongeza zinki bila kununua kitu. Kwa mtoto anayeharisha mambo ni tofauti: mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri apewe zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 akiwa chini ya miezi 6, pamoja na maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa. Hiyo ni tiba yenye kipimo na mwisho wake, wala haifanani na kumumunya vidonge mwaka mzima.

Vitamini D nitaipitia kwa kifupi. Ngozi huitengeneza ikipigwa na jua, chembechembe za kinga zina vipokezi vyake, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 15 kwa siku. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2017, uliokusanya majaribio 25 yenye watu wapatao 11,000, ulionyesha kwamba wenye upungufu mkubwa waliokuwa wakiimeza kila siku au kila wiki ndio waliopunguziwa zaidi maambukizo ya njia ya hewa, ilhali dozi kubwa za mara moja moja hazikusaidia. Na uchambuzi uliofuata ukaipunguza hata faida hiyo. Kipimo cha damu kwanza, kidonge baadaye. Mimi nilipopimwa nilikuwa na upungufu, jambo lisilo la ajabu kwa mtu anayefanya kazi usiku na kuuacha mchana upite akiwa ndani.

Yote haya niliyoyataja huingia kupitia utumbo, na utumbo si bomba la kupitishia chakula tu. Sehemu kubwa ya chembechembe za kinga zimepanga makazi kwenye kuta zake, zikitazamana na matrilioni ya bakteria wanaoishi humo, na bakteria hao hula kile ambacho sisi hatuwezi kukimeng’enya, yaani nyuzinyuzi. Wakizila hutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa butireti, ambayo hulisha seli za ukuta wa utumbo na kuituliza kinga isiwake ovyo. Ukiwanyima nyuzinyuzi, baadhi yao hugeukia ute unaoulinda ukuta wenyewe. Shirika la Afya Duniani linataja gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku na angalau gramu 400 za matunda na mboga, ambazo ni kama mafungu 5 ya ukubwa wa kiganja. Metchnikoff, yule wa miiba, alikuwa akiyapigia debe maziwa mgando katika uzee wake, naye alichekwa kidogo kwa ajili hiyo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio dogo la watu 36, ambalo waliokula kwa wingi vyakula vilivyochachushwa kwa wiki 10 walipata aina nyingi zaidi za bakteria tumboni na kupungukiwa na protini kadhaa za damu zinazoashiria mwili unaowaka chinichini. Watu 36 ni wachache, na nisingejenga dini juu yao, lakini kikombe cha mtindi usiotiwa sukari hakimgharimu mtu utulivu wake.

Sasa nirudi kwenye swali la mfamasia, kwa kuwa ndilo lililokuwa na uzito kuliko mengine yote kwangu.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watu 164 wenye afya walivishwa kifaa mkononi cha kupima usingizi kwa wiki moja, kisha wakawekwa hotelini na kutiwa puani matone yenye virusi vya mafua. Wote waliingiziwa virusi sawasawa. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 walikuwa na uwezekano wa kuugua zaidi ya mara 4 wakilinganishwa na waliolala zaidi ya saa 7, hata baada ya kuzingatiwa umri, msongo wa mawazo, uvutaji sigara na mambo mengine. Kabla ya hapo, mwaka 2002, vijana waliolazimishwa kulala saa 4 tu kwa usiku 6 walipewa chanjo ya mafua makali, na siku 10 baadaye walikuwa na chini ya nusu ya kingamwili walizokuwa nazo wenzao waliolala kawaida. Nilipoisoma habari hiyo ya pili niliweka kitabu chini. Kinga hutumia usingizi kuhifadhi kumbukumbu za adui iliyemwona mchana, na mimi nilikuwa nikiinyima daftari na kalamu.

Kubadili saa ya kulala kulikuwa kugumu kuliko kubadili chakula, na anayesema ni rahisi hajawahi kuwa na kazi ya kumaliza usiku. Nilijaribu kuhamia saa nne usiku kwa mkupuo mmoja nikajikuta natazama dari hadi saa saba, nikiwa na hasira na mto. Kilichofanikiwa ni kurudi nyuma dakika 10 kila wiki, huku saa ya kuamka ikibaki ile ile hata siku za mapumziko. Kahawa yangu ya mwisho niliisogeza kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa sita mchana, maana mwili huchukua kama saa 5 kuondoa nusu tu ya kafeini iliyoingia, hivyo kikombe cha jioni kilikuwa bado kimo damuni nikipanda kitandani. Simu ikalala sebuleni. Ilinichukua karibu miezi 5 kufika mahali ambapo saa nne na nusu usiku macho yanafumba yenyewe, na katika miezi hiyo kazi ya usiku ililazimika kuhamia asubuhi, ambako, nakiri kwa shingo upande, makosa ya maandishi huonekana vizuri zaidi.

Mazoezi yalifuata, tena kwa kiasi. Utafiti wa mwaka 2011 uliowafuatilia watu wazima 1,002 kwa wiki 12 ulionyesha kwamba waliofanya mazoezi yanayoharakisha pumzi siku 5 au zaidi kwa wiki walikuwa na siku chache za ugonjwa wa njia ya hewa kwa asilimia 43 kuliko waliokaa tu. Kutembea kwa haraka, kiasi cha kuweza kuzungumza lakini si kuimba, kwa dakika 30 siku 5 za wiki, kunatimiza dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani limeziweka kuwa za chini. Nilichagua mchana ili nipate jua pia.

Msongo wa mawazo nao si habari ya moyoni pekee. Homoni ya kortisoli, ambayo hupanda mtu akiwa na wasiwasi, huituliza kinga, na ikibaki juu kwa wiki na miezi kinga huzubaa. Katika utafiti mmoja wa mwaka 1995, wanawake waliokuwa wakiwauguza jamaa zao wenye ugonjwa wa kusahau walikatwa kijidonda kidogo mkononi, nacho kilichelewa kupona kwa siku 9 kuliko cha wenzao wasiokuwa na mzigo huo. Simwambii mtu anayeuguza mzazi apunguze mawazo. Hayo ni maneno ya mtu asiyeuguza. Ila anayetaka kumsaidia na ampokee zamu usiku mmoja, alale.

Sigara hulemaza vinyweleo vinavyosukuma uchafu kutoka mapafuni, na pombe nyingi huzidhoofisha chembechembe zinazokaa humo humo. Hakuna mlo unaofidia hayo mawili.

Na hakuna mlo unaochukua nafasi ya chanjo. Nimekutana na watu, wengine wema na wasomi, wanaoamini kwamba anayekula vizuri hana haja nayo. Chakula huipa kinga nguvu ya kufanya kazi, lakini hakiionyeshi sura ya adui. Chanjo ndiyo huionyesha. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980 kwa sindano, wala si kwa machungwa. Kunawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 20 nako kunabaki palepale pa juu, kwa sababu kijidudu ambacho hakikuingia hakihitaji kupiganwa nacho.

Kuna wakati tatizo haliko kwenye sahani wala kitandani. Mtu anayepata nimonia mara 2 ndani ya mwaka mmoja, vidonda visivyopona, utando mweupe mdomoni usioisha, au anayepungua uzito bila sababu, asikae nyumbani akipima nyuzinyuzi. Kisukari, virusi vya UKIMWI, baadhi ya dawa, na kasoro za kuzaliwa nazo huishusha kinga kwa njia ambazo daktari pekee ndiye anayeweza kuzibaini. Kwa upande mwingine, mtu mzima mwenye afya njema kabisa hupata mafua mara 2 au 3 kwa mwaka, na hilo si pungufu la kinga.

Kwenye droo yangu sasa limo kopo moja, la vitamini D, nililoandikiwa baada ya kipimo na ambalo litakwisha mwezi ujao nipimwe tena. Yale 7 ya zamani, mawili yakiwa hayajafunguliwa, niliyarudisha kwa mfamasia, akayapokea ili yaharibiwe na zile dawa nyingine zilizopitwa na wakati. Mwezi uliopita nilipata mafua, ya kwanza baada ya miezi 8. Niliugua siku 3, nikanywa supu, nikalala saa mbili na nusu usiku kama mtoto wa shule, na siku ya nne nilipopita dukani kwake kununua sabuni, mama yule aliisikia sauti yangu ya puani akaniuliza tena, safari hii akitaja mwenyewe: “Saa nane?”

“Za usingizi, mama.”